Kivuli Chini ya Jicho

Tumtendee haki Kitinda kabla hatujamlaumu: hakukusudia ubaya wowote. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha habari, wa mwisho kuzaliwa kwao, ndiyo maana hata baada ya kufikia umri wa kupiga kura bado aliitwa Kitinda, na alikuwa na kazi ya darasani ya kumaliza. Basi, ni hilo tu. Alitaka kufanya vizuri.

Kazi yenyewe ilitoka kwa mwalimu wa usanifu, ambaye wanafunzi walimbatiza Bwana Pambizo kwa sababu haikupita siku bila kuwagombeza kwa kusukuma maneno mpaka ukingoni mwa karatasi. Aliwataka watafute uso mmoja, waupige picha, kisha wautumie mara mbili: kwanza kwenye jalada la jarida, halafu kwenye tangazo la hisani.

"Uso uleule," alisema. "Huku uuze, kule uombe. Anayeweza hilo ndiye fundi. Wengine wote mnachezea kompyuta ya chuo."

Kitinda hakuhangaika kutafuta uso. Tangu wazazi wao walipofariki aliishi kwa dada yake, na dada huyo alijaliwa sura. Alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na wagonjwa waliofika wameshika mashavu walikuwa wakijikuta wanatabasamu kabla hawajaingia kwa daktari. Mumewe alikuwa mwalimu wa chekechea, pande la mtu, mabega yanajaza mlango, mikono mipana kama sahani, na sauti laini utadhani imeazimwa kwa mtu mwingine. Alikuwa akirudi nyumbani na chaki kwenye ndevu. Mende akionekana jikoni, yeye ndiye aliyekimbilia karatasi amtoe nje akiwa hai, huku mkewe akishika kandambili na kumwita mpumbavu. Kitinda alimwita Shemeji, lakini ukweli ni kwamba ndiye aliyemlea.

Siku ya picha walitundika shuka jeupe ukutani sebuleni. Stendi ya taa hawakuwa nayo, kwa hiyo Shemeji akawa stendi.

"Inua kidogo, Shemeji. Hapo hapo. Usitikisike."

"Leo mimi ni nguzo ya umeme," alisema.

"Nguzo gani hainyamazi," mkewe alimjibu, na kicheko alichokitoa hapo ndicho kilichoingia kwenye jalada. Alivaa blauzi ya manjano, kidevu juu, hereni zinaning'inia. Aligeuka hivi, akageuka vile, akashika kiuno, akatuma busu kwa kamera. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha akachoka. Alivua hereni, akaketi kwenye stuli, akaangalia pembeni akijiuliza kama alizima jiko. Mkono wa Shemeji nao ulikuwa umekufa ganzi, akaiweka taa juu ya kabati ili apumzike. Mwanga ukamshukia dada kutoka juu, ukamjazia kivuli kwenye kope na chini ya macho. Kitinda aliona, na akabonyeza. Hakusema kitu, kwa sababu picha ya namna hiyo ukiisemea inakimbia.

Chuoni alianza na jalada. Jina la jarida alilolibuni aliliweka juu kwa herufi nene, akaruhusu nywele za dada zifunike kidogo herufi ya katikati, kama wafanyavyo wakubwa. Macho yalimtazama msomaji moja kwa moja. Rangi ya manjano ya blauzi aliirudia kwenye vichwa vya habari pembeni, kimoja juu ya ngozi, kingine juu ya mapenzi, cha tatu juu ya mwanamke na kazi. Lilikuwa jalada safi. Aliliangalia akaridhika nalo, na kuridhika kwenyewe kukamtia wasiwasi.

Tangazo lilimchukua muda zaidi. Mada aliyopangiwa ilikuwa wanawake wanaopigwa majumbani. Kwanza aliondoa rangi zote. Akakata picha mpaka ikabaki nusu ya uso na bega moja, akausukuma uso huo kulia kabisa, akaacha upande wa kushoto mtupu, ukuta wa kijivu usio na kitu, kwani Bwana Pambizo alikuwa amewaambia kuwa nafasi tupu inamfanya mtazamaji aogope bila kujua anaogopa nini. Chini aliweka namba ya simu. Juu yake maneno machache, herufi nyembamba zisizo na madoido: ATAKWAMBIA HAPIGWI. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Usikubali jibu lake la kwanza.

Halafu akaona kwamba kile kivuli kimefifia baada ya rangi kuondoka. Akachukua brashi ya kompyuta, akakikoleza chini ya jicho la kushoto. Hakuchora jeraha. Hilo alilirudia sana baadaye, kwa kila aliyekubali kumsikiliza: hakuchora jeraha, alikoleza kivuli kilichokuwepo. Alikoleza kidogo, akarudi nyuma na kiti kutazama, akakoleza tena, mpaka lile jicho likaanza kuuma ukilitazama.

Bwana Pambizo alipofika kwenye jalada alisema, "Zuri. Nimeshaliona mahali pengi," akaendelea. Kwenye tangazo alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Nani alimpiga huyu?"

Kitinda alicheka kwa furaha. "Hakuna, mwalimu. Ni kivuli tu."

"Ni kivuli tu," alirudia Bwana Pambizo. "Basi wewe binti ni mtu hatari."

Kitinda aliyapokea maneno hayo kama sifa. Na yalikuwa sifa, hapo ndipo ubaya ulipo.

Kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi alikuja mratibu wa shirika linalosaidia wanawake, mama wa makamo mwenye kuongea taratibu. Alisimama mbele ya tangazo bila kusogea, wageni wakimpita huku na huku. Mwishowe akauliza ni la nani, na kama mwenye sura ameridhia litumike.

"Ni dada yangu, mama. Ameridhia."

Alikuwa amepanga kumwuliza jioni ileile, kwa hiyo hakuuona kama uongo, aliuona kama ukweli uliotangulia kidogo. Jioni alimkuta dada anakuna nazi.

"Dada, kuna shirika wameipenda picha yako. Wanataka kuitumia mjini."

"Wee! Ile ya manjano?"

Kama kuna mahali pa kusimama katika habari hii nzima, ni hapo. Sentensi moja ingetosha. Kitinda aliutazama uso wa dada yake ulivyochangamka, akaona aibu kuuzima, akasema, "Za siku ileile." Dada akapiga kigelegele. Shemeji akatoka chumbani kudai fungu lake la umaarufu, kwani bila nguzo ya umeme kusingekuwa na picha. Kitinda alijiambia atamweleza vizuri kesho. Kesho ikaja na mambo yake, na keshokutwa nayo ikaja na yake.

Mabango yalibandikwa kwenye vituo vya basi mji mzima. Moja lilikuwa mkabala na kliniki ya meno.

Dada hakurudi akipiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Aliingia, akaweka mkoba mezani, akaketi bila kuvua viatu.

"Daktari ameniita ofisini kwake," alisema. "Akafunga mlango. Akaniuliza kama niko salama nyumbani. Nikacheka, Kitinda. Nilidhani ananitania. Na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kunihurumia. Mwisho akanipeleka dirishani akanionyesha bango."

"Dada, mimi nilitaka..."

"Nikamwambia mume wangu hajawahi kuninyanyulia hata sauti. Unajua alinijibu nini? Akasema, ndivyo ilivyoandikwa pale kwamba utasema."

Kitinda alilia. Aliomba radhi, akapiga magoti, akaomba tena. Dada alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni.

"Ungeniuliza, huenda ningekubali," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ningewaambia watu mapema, jamani mtaniona mahali fulani, msishtuke. Tungecheka wote."

Shemeji alijaribu kulifanya jambo jepesi. "Mimi ambaye mende wananijua kwa jina," alisema, akacheka peke yake, kisha akaenda kuoga.

Nao watu, tuseme nini juu ya watu? Ni rahisi kuwaita wambea. Lakini hawa hawakusengenya, walijali, na aliyejali humwezi. Msengenyaji unaweza kumtukana. Mama mwenye duka la mtaani, aliyemwuzia dada sabuni tangu siku ya harusi yake, alimshika mkono juu ya kaunta.

"Mama, nakuapia, ni picha tu. Hanipigi."

"Najua, mwanangu," alisema yule mama kwa upole kabisa. "Hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikisema." Na akamwongezea sabuni moja ya bure.

Kadiri dada alivyokanusha ndivyo alivyolithibitisha tangazo. Akikanusha kwa ukali, walisema anaogopa. Akikanusha kwa utani, walisema amezoea. Akinyamaza, walitikisa vichwa. Alianza kujipaka poda nyingi asubuhi ili uso wake uonekane hauna kitu, na kazini wakaanza kunong'ona kwamba leo ameficha vizuri. Akaacha poda. Wagonjwa wakawa wanamkagua chini ya jicho, na kwa sababu usiku alikuwa hapati usingizi, kweli palikuwa na weusi.

Shemeji yeye alipigwa mahali pasipo na kinga. Kulikuwa na katoto pale chekechea, kadogo kenye maneno mengi, kalikozoea kumparamia mgongoni kila asubuhi. Siku moja kalisimama mbali, kidole mdomoni, kakamwuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, kwa nini unampiga mama?" Shemeji alisimulia hilo wakiwa mezani. Alilisimulia kwa sauti yake ileile laini, akimaliza chakula chake, na hakurudi kulitaja tena. Wiki hiyo wazazi walianza kuwaleta watoto mpaka mlangoni na kuwasubiri. Kisha mwalimu mkuu akamwomba apumzike nyumbani kidogo, mpaka mambo yatulie.

Kitinda alikwenda kwa mratibu wa shirika. Alimweleza yote, hata ule uongo, bila kujitetea. Mratibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Simu zetu hazijanyamaza tangu mabango yabandikwe. Wanawake waliokuwa wanatuambia wameanguka bafuni, sasa ndugu zao hawakubali tena jibu hilo, wanawaleta hapa wakiwa wamewashika mkono." Aliusukuma mlango ukafunguka. Kwenye benchi nje aliketi mwanamke, mtoto mapajani, kitenge amekivuta mpaka kwenye nyusi. "Yule amekuja kwa sababu ya uso wa dada yako. Niambie niliondoe tangazo, nitaliondoa leo. Lakini niambie huku unamtazama yule."

Kitinda alimtazama yule mwanamke. Alitoka hapo akijichukia kwa kunyamaza, na angejichukia vilevile kama angesema, na hilo ni jambo baya kumpata mtu akiwa bado na umri mdogo hivyo. Walichokubaliana ni kuongeza mstari mmoja chini ya mabango: Aliye pichani ni mwigizaji. Ulipobandikwa, mtaani walisoma wakaguna. "Mume amekwenda kuwatisha," walisema. "Mwigizaji gani, si yule wa kliniki ya meno?"

Likabaki jaribio moja, na Kitinda alilitegemea sana kwa kuwa lilitoka kwenye fani yake. Alikuwa bado na picha ya asili, jinsi ilivyotoka kwenye kamera, rangi zote, blauzi ya manjano, jicho lina kivuli chepesi tu cha taa. Alichukua kompyuta, akamchukua dada, wakaenda kwa mwalimu mkuu wa chekechea, mama mwenye meza iliyojaa michoro ya watoto.

"Hii hapa ndiyo ya kwanza, mama," Kitinda alisema, akaweka picha mbili ubavu kwa ubavu. "Na hii ndiyo niliyoitengeneza. Huo weusi niliuweka mimi, kwa mkono wangu."

Mwalimu mkuu alivuta kiti, akaangalia kwa makini, hii, halafu ile, halafu hii tena.

"Binti, una kipaji," alisema. "Umelifuta jeraha hata alama haionekani."

"Hapana, mama, sikufuta, niliongeza! Hii ndiyo..."

"Nimekuelewa. Unaishi kwake, unakula kwake. Sikulaumu hata kidogo." Kisha akamgeukia dada, akateremsha sauti. "Na wewe usijali. Hapa hakuna atakayekulazimisha kusema." Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mezani. Ilikuwa namba ileile ya kwenye bango, ambayo Kitinda alikuwa ameichagulia ukubwa na mahali pa kukaa.

Kitinda alijua kutengeneza picha ya kuaminika, lakini chuoni hawakumfundisha namna ya kumfanya mtu aache kuiamini.

Kule kupumzika kidogo kwa Shemeji kukawa kupumzika moja kwa moja, kwa sababu chekechea walipata mwalimu mwingine. Alibadilika taratibu. Aliacha kutembea ubavuni mwa mkewe, akawa nyuma yake hatua kadhaa. Wakiwa dukani hakumgusa, hata kumtoa uzi begani. Alianza kuinama akisimama, kana kwamba anataka kuupunguza mwili wake. Siku moja mkewe alijikwaa kwenye ngazi za soko, na yeye, badala ya kumdaka, akarudisha mikono nyuma. Dada aliangukia goti. Watu walipogeuka walimwona ameanguka, na mume pande la mtu amesimama juu yake. Walirudi nyumbani, wakajifungia chumbani, na Kitinda aliwasikia wote wawili wakilia.

Shemeji akapata kazi ya kuhesabu magunia kwenye ghala, mji wa mbali.

"Twende wote," dada alimwambia. "Kliniki za meno zipo kila mahali."

"Mabango nayo," alijibu. "Wanayapeleka kila mji sasa. Nikiwa peke yangu hakuna anayenijua. Nikiwa na wewe pembeni, tayari nimeshahukumiwa."

"Kwa hiyo tutakaa hivi mpaka lini?"

Shemeji akainuka. Alimwendea Kitinda aliyekuwa ameganda kwenye kizingiti cha jikoni, akamwekea ule mkono mpana kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia tangu akiwa mtoto wa shule. "Maliza masomo," alimwambia. Kitinda alitamani angempiga kofi. Hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kofi lile.

Shemeji aliondoka asubuhi na sanduku moja, mtaa mzima unaona. Kabla ya adhuhuri walianza kuja. Kwanza mama mwenye duka, kisha jirani aliyezoea kugonga ukuta, kisha wengine ambao hata hawakuwa wakisalimiana. Walikuja na unga, na sukari, na nguo mpya. Walimkumbatia dada mmoja baada ya mwingine. Hongera, walimwambia. Umekuwa jasiri. Sasa utapumua. Kitinda alizunguka na chai, na kila aliyemwekea kikombe alimwona ana furaha ya kweli machoni. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara zote mbili dada alimtikisia kichwa, asiseme.

"Asanteni," dada alisema. "Asanteni sana."

Walipoondoka alibaki mmoja, mwanamke kijana wa nyumba ya mwisho mtaani, ambaye hawakujua hata jina lake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti na chai yake imepoa. Alisubiri mpaka wa mwisho alipofunga lango.

"Dada yangu, samahani," alisema. "Nataka kukuuliza kitu. Mimi wangu hanipigi usoni. Ananipiga mahali pasipoonekana. Sasa nikisema, nani ataniamini?" Akainamia chai yake. "Nimesikia ulikuwa unakataa sana. Watu wengine wanasema kweli hukupigwa. Nataka tu kujua. Kama wewe hukupigwa, basi mimi nirudi zangu, maana sitakuwa na wa kunielewa. Alikuwa anakupiga, au hakukupiga?"

Dada aliutazama mlango aliopitia mumewe alipoondoka asubuhi. Alimtazama Kitinda, aliyekuwa amesimama na sinia mikononi. Aliutazama mkono wa yule mwanamke, uliokuwa bado umeshika kikombe cha chai iliyopoa. Kitinda alijua jibu linalokuja, akataka kulizuia.

"Alikuwa ananipiga," dada alisema.

Yule mwanamke alishusha pumzi, akaweka kikombe chini, akaanza kusimulia.